Kizunguzungu chako ni cha sikio au ni kipandauso? Ulinganisho kwa anayetafuta tiba Dar es Salaam

Duka letu la vitenge liko Kariakoo, ghorofa ya chini, mahali ambapo jua halifiki na taa za mirija huwaka tangu asubuhi mpaka tunapofunga. Siku hiyo mteja alitaka kitenge chenye michirizi ya buluu na nyeupe. Nikakikunjua mezani, nikaanza kupima, na michirizi ikaanza kutembea. Macho hayakuingia giza wala kiwi. Michirizi ilielekea kushoto, meza ikaifuata, kisha duka zima likazunguka. Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikashuka taratibu mpaka sakafuni, nikakaa hapo huku mteja akiniuliza, "Dada, umekula leo?"

Kichwa hakikuniuma hata kidogo. Ndiyo maana ilichukua miaka miwili mpaka mtu akaniambia kwamba kilichonikalisha sakafuni ni kipandauso, kile ambacho madaktari huita migraine.

Katika miaka hiyo nilimeza mseto wa malaria mara tatu, mara mbili kati ya hizo bila hata tone la damu kuchukuliwa. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Nikaambiwa nina presha ya kushuka, niongeze chumvi. Zahanati moja wakaniambia ni "presha ya masikio", jina ambalo hakuna daktari bingwa aliyewahi kulirudia mbele yangu. Shangazi akanipeleka kusomewa. Kisomo kilinituliza moyo na ninamshukuru mpaka leo, ila duka liliendelea kuzunguka.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye njia panda kama niliyokuwa mimi. Ana kizunguzungu kinachokuja na kuondoka, vipimo vya kawaida vinatoka safi, na kila anayemwendea anamwambia lake. Mimi si mganga. Ni mgonjwa aliyeuliza maswali mengi, akaandika majibu.

## Kwanza, ni kizunguzungu gani?

Daktari aliyenisaidia hakuanza na mashine. Aliniambia, "Mama, hilo neno kizunguzungu tuliweke pembeni kwanza. Niambie unaona nini, na kinachukua muda gani."

"Dokta, sijawahi kutazama saa."

"Basi kuanzia leo uitazame."

Alikuwa na sababu. Kwa Kiswahili tunasema kizunguzungu kwa mtu aliyesimama ghafla akaona giza, kwa mtu mwenye njaa anayehisi kichwa chepesi, kwa mzee anayeyumba akitembea, na kwa mtu ambaye nyumba inamzunguka kama pia. Kuona giza unaposimama huelekea kwenye presha, upungufu wa damu, maji kidogo mwilini au dawa unazotumia. Nyumba kuzunguka, ambacho wazee wetu wanakiita kisunzi, huelekea kwenye sikio la ndani au ubongo. Ukimwambia daktari "kizunguzungu" tu, umempa mlango bila ufunguo.

Ukishajua kwamba vitu ndivyo vinavyozunguka, saa ndiyo inayotenganisha magonjwa. Haya ndiyo matatu yanayochanganywa zaidi:

| Unachoulizwa | Vifuwele vya sikio | Ugonjwa wa Ménière | Kipandauso chenye kizunguzungu |
|---|---|---|---|
| Kinadumu muda gani | Sekunde, hakifiki dakika | Dakika 20 hadi saa 12 | Dakika 5 hadi saa 72 |
| Kinaanzaje | Ukijigeuza kitandani, ukiinama, ukiinua uso | Chenyewe | Chenyewe, au baada ya usingizi mbovu, njaa, hedhi, mwanga, mwendo |
| Masikio | Hayana neno | Sikio linajaa, linavuma, usikivu unashuka | Huweza kuvuma. Usikivu kwa kawaida haushuki |
| Mwanga na kelele | Havisumbui | Kwa kawaida havisumbui | Huudhi sana |

Upo pia uvimbe wa mshipa wa fahamu wa mizani, ambao mara nyingi hufuata mafua ya virusi. Huo hukulaza siku kadhaa mfululizo, mara moja, kisha hupungua kidogo kidogo. Haurudirudi kila mwezi, kwa hiyo nauacha hapo.

## Vifuwele: raha ya kupona kitandani kwa daktari

Naanza na vifuwele kwa sababu ndio ugonjwa ambao mtu hapaswi kuukosa. Ndani ya sikio kuna punje ndogo sana za chokaa zinazotusaidia kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Punje zikibanduka zikaingia kwenye mifereji ya mizani, kila unapogeuza kichwa zinaviringika na kuudanganya ubongo kwamba unazunguka. Mama jirani yangu Tabata alikuwa anashika neti kila anapogeuka usiku. Kinamjia, anahesabu mpaka ishirini, kimekwisha.

Kipimo chake hakihitaji umeme. Daktari anakukalisha kitandani, anageuza kichwa chako upande mmoja, kisha anakulaza haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni huku anayatazama macho yako. Macho yakirukaruka kwa mzunguko kisha yakatulia, jibu limepatikana. Tiba yake ni kugeuzwa kichwa kwa hatua, utaratibu uliobuniwa na daktari wa Marekani John Epley, ili punje zirudi mahali pasipo na madhara. Wengi hupata nafuu kubwa kwa mara moja au chache, bila kidonge chochote.

Kwa hiyo kama chako ni cha sekunde na huja ukijigeuza, usikubali kuandikiwa vidonge vya miezi mitatu kabla mtu hajakulaza na kuyatazama macho yako. Ukiwa na maumivu ya shingo au mgongo, mwambie kabla hajakulaza.

Neno la tahadhari: wenye kipandauso nao hupata vifuwele kuliko watu wengine, na shambulio la kipandauso linaweza kuzidi ukibadilisha mkao. Unaweza kuwa navyo vyote viwili. Mimi niligeuzwa kichwa mara mbili na macho hayakuruka. Hapo ndipo daktari alipoanza kuniuliza habari za utotoni.

## Ménière au kipandauso: hapa ndipo pagumu

Haya mawili yanafanana mpaka mabingwa wanabishana, na kuna watu wanayo yote mawili. Ménière, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mfaransa Prosper Ménière aliyeueleza mwaka 1861, ni wa sikio la ndani. Alama yake kuu ni usikivu unaoshuka na kupanda, hasa kwa sauti nzito, mara nyingi sikio moja. Sikio linajaa kama lina maji, linavuma, kisha kizunguzungu kinakuja.

Kipandauso hakina alama ya namna hiyo. Hakuna kipimo cha damu kinachokionyesha, na picha ya ubongo hutoka safi. Kinatambuliwa kwa maelezo yako. Mwaka 2012 Jumuiya ya Bárány, ambayo ni ya wataalamu wa mfumo wa mizani ya mwili, na Jumuiya ya Kimataifa ya Maumivu ya Kichwa walikubaliana vigezo vinavyotumika mpaka sasa. Uwe umepata mashambulio yasiyopungua 5, makali kiasi cha kukuharibia shughuli, kila moja likidumu kati ya dakika 5 na saa 72. Uwe na kipandauso sasa, au uliwahi kuwa nacho. Katika angalau nusu ya mashambulio pawe na dalili ya kipandauso: maumivu ya kichwa ya aina yake, au mwanga na kelele kukuudhi kwa pamoja, au kuona vimulimuli na mistari ya mng'aro. Na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi.

Soma tena hayo maneno "uliwahi kuwa nacho". Hapo ndipo nilipopotelea mimi, na naamini wengi wanapotea hapo hapo. Daktari aliponiuliza kama naumwa kichwa nilijibu hapana, kwa sababu wakati huo nilikuwa siumwi. Akauliza, "Na ulipokuwa msichana?" Nikakumbuka bweni. Kidato cha tatu nilikuwa nalala na kanga usoni, upande mmoja wa kichwa ukigonga kama kinu, natapika, matroni ananiletea panado. Baada ya mtoto wa kwanza kikaisha, nikakisahau kabisa. Akauliza habari za mama yangu. Mama alikuwa na siku yake kila mwezi ya kufunga kichwa kwa leso, kufunga madirisha na kutotaka hata sauti ya sufuria. Sisi watoto tulijua siku hiyo tunacheza kwa jirani. Hakuna aliyewahi kuuita ugonjwa. Akauliza pia kama nilikuwa natapika kwenye basi. Safari zote za Tanga, tangu nikiwa na miaka sita.

Maswali hayo matatu hayakunigharimu senti tano na yalifanya kazi kuliko vipimo vyote vilivyotangulia.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni kudhani kipandauso lazima kiume. Kwa wengi maumivu ya kichwa hutangulia kwa miaka, kisha, hasa kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi, maumivu hupungua na kizunguzungu kikachukua nafasi. Ugonjwa wenyewe si wa ajabu: utafiti wa Ujerumani uliona takriban mtu 1 kati ya 100 huupata maishani. Ukipita mtaa wa Kongo hapa Kariakoo siku ya Jumamosi, umepishana na wengi wenye hali hii.

Ukibaki na mashaka kati ya haya mawili, kinachoamua ni kipimo cha usikivu. Usikubali kuambiwa una Ménière bila kupimwa masikio kwa mashine ya sauti, na ikiwezekana upimwe zaidi ya mara moja kwa miezi tofauti.

## Kisichosubiri ulinganisho

Kizunguzungu kikianza ghafla na pamoja nacho ulimi ukawa mzito, mdomo ukapinda, mkono au mguu ukakosa nguvu, vitu vikaonekana viwili viwili, ukashindwa kabisa kusimama, au kichwa kikauma ghafla kwa namna ambayo hakijawahi, hiyo inaweza kuwa kiharusi. Zaidi sana kama una presha, kisukari au umri umesogea. Hapo huendi kliniki yoyote wala duka la dawa. Unakwenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, usiku huo huo, kwa bajaji au gari lolote. Muhimbili ina idara ya dharura inayofanya kazi usiku na mchana tangu mwaka 2010. Kusikia sikio moja kukizima ghafla nako ni dharura.

## Uanzie wapi?

Wengi wetu tunaanzia duka la dawa, na sitamlaumu mtu, maana foleni tunazijua. Tatizo la duka ni kwamba utapewa sinarizini au betahistini, dawa za kutuliza kizunguzungu, zitakupunguzia kidogo, na utakaa nazo mwaka mzima bila mtu kujua unaumwa nini.

Ningeanza upya leo, ningeanza zahanati au kituo cha afya kwa kazi moja tu: kuondoa yaliyo rahisi. Presha ipimwe umelala na umesimama. Sukari, wingi wa damu, na kipimo cha malaria kabla ya kumeza mseto. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya dawa, na kwa jiji kama Dar ambako malaria imepungua sana kuliko mikoa mingi, kila homa na kila kizunguzungu kuitwa malaria ni kumchelewesha mgonjwa. Waonyeshe dawa zote unazotumia. Kwinini huvumisha masikio na kuleta kizunguzungu. Sindano za jentamaisini na streptomaisini zinaweza kuharibu sehemu ya mizani ya sikio moja kwa moja.

Hayo yakiwa safi, omba rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, ndizo ngazi inayofuata, na Muhimbili iko juu yake. Mwenye bima akiruka ngazi anaweza kujikuta analipa mwenyewe, kwa hiyo karatasi ya rufaa ni mali. Iweke pamoja na kadi.

Masikio, pua na koo, au ubongo na mishipa ya fahamu? Kwa maoni yangu, kama sikio lako linavuma, linajaa au husikii vizuri, au kizunguzungu ni cha kujigeuza, tangulia masikio. Pale utapimwa usikivu na kulazwa kwa kile kipimo cha vifuwele. Kama masikio hayana neno, na mwanga, kelele, harufu au historia ya kuumwa kichwa vipo, nenda moja kwa moja kwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Mimi nilipitia masikio kwanza na sijutii. Karatasi ya usikivu iliyoonyesha masikio mazima ilimrahisishia sana bingwa wa pili. Muhimbili ina faida ya kuwa na idara zote mbili mahali pamoja, na ndipo upandikizaji wa vifaa vya usikivu ulipoanza nchini mwaka 2017, hivyo wapimaji wa masikio wapo. Hospitali binafsi foleni ni fupi na bili ni ndefu. Kama fedha ni za kuhesabu, zitumie kumwona bingwa mara mbili badala ya kupiga picha mara moja.

## Kupiga picha ya kichwa au kusubiri

Hili linawatesa ndugu zetu wengi: familia inachangishana fedha za MRI, picha ya kichwa inayopigwa kwa sumaku, kabla mgonjwa hajaulizwa vizuri. Picha haithibitishi kipandauso. Kazi yake ni kuondoa mengine, kama uvimbe au kiharusi. Daktari akikuta macho yanarukaruka kwa namna isiyo ya sikio, udhaifu wa kiungo, usikivu kushuka upande mmoja, au kizunguzungu kisichoisha kabisa, picha ni ya lazima. Mtu mwenye mashambulio ya miaka, anayekuwa mzima kabisa katikati yake, mwenye uchunguzi safi, anaweza kusubiri na kuanza tiba.

Na kati ya CT-Scan na MRI? CT, inayotumia eksirei, ni nafuu na ya haraka, nzuri kwa kuona damu iliyovuja. Lakini sehemu ya nyuma ya ubongo, inayoshughulika na mizani, CT haiioni vizuri. Ukiambiwa CT iko safi, hujaondolewa kiharusi cha sehemu hiyo. Kama sababu ya kupiga picha ni kizunguzungu, uliza kwanza kama MRI ndiyo inayofaa.

## Dawa ya kuzima shambulio na dawa ya kinga

Dawa hizi mbili si aina moja. Ya kuzima unameza siku ya shambulio tu. Ya kinga unameza kila siku, hata siku ukiwa mzima, ili mashambulio yapungue.

Za kuzima kwanza. Kama kichwa kinauma, parasetamoli au ibuprofeni mapema, kabla hakijashika kasi. Kama unatapika, metoklopramidi au prometazini husaidia, na prometazini itakulaza usingizi, jambo ambalo mara nyingi ndilo linalotakiwa. Chumba cha giza na maji ya kunywa kidogo kidogo. Tangawizi kwenye chai hutuliza kichefuchefu. Za jamii ya triptani zinazosifiwa sana kwa kipandauso cha kawaida hazijaonyesha maajabu hapa: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliilinganisha rizatriptani, mojawapo ya hizo, na kidonge kitupu kisicho na dawa ndani kwa wenye kizunguzungu cha kipandauso, na haikukishinda. Usijinyime ugali kuzitafuta.

Ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, naiogopa. Haifai kwa mjamzito wala mwenye presha au ugonjwa wa moyo, na kwa anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri inaweza kubana mishipa ya damu mpaka viungo vikafa. Mtu anaweza kuona haya kutaja dawa zake mbele ya foleni ya duka. Omba kuongea pembeni, lakini taja.

Sinarizini na betahistini zinauzwa kama njugu. Siku mbili tatu za shambulio, sinarizini inatuliza. Miezi kwa miezi, hukuchelewesha, kwa sababu ubongo unahitaji kujifunza upya mizani na dawa inauzubaisha. Kwa wazee matumizi marefu huweza kuleta mitetemeko kama ya ugonjwa wa Parkinson. Betahistini ni ya Ménière, na hata huko utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2016 haukuona tofauti kati yake na kidonge kitupu kwa idadi ya mashambulio.

Jambo la kuandika kwa wino mwekundu: ukimeza vidonge vya kawaida vya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vya mchanganyiko siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, vidonge vyenyewe vinaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anakula diklofenaki kama karanga. Alipoacha chini ya uangalizi, wiki mbili zilikuwa za mateso, kisha kichwa kikafunguka.

Sasa kinga. Inafaa kwa anayepata mashambulio mara kadhaa kwa mwezi, au machache lakini yanayomlaza. Nisikufiche: ushahidi kwa kizunguzungu cha kipandauso hasa bado ni mwembamba, na dawa karibu zote zimeazimwa kutoka kwenye kipandauso cha kichwa. Metoprololi, dawa ya presha iliyo jamii moja na propranololi, ilijaribiwa Ujerumani. Utafiti ukasimamishwa mapema kwa kukosa washiriki wa kutosha, na haukuonyesha kuwa dawa inakipita kidonge kitupu. Hata hivyo madaktari wanazitumia kwa sababu wagonjwa wengi hupata nafuu, na mimi ni mmojawapo. Kwa kuwa hakuna bingwa wa mbio hizi, unachagua kwa kutazama mwili unaoupelekea dawa.

Una presha ya kupanda na moyo wako hauendi polepole? Propranololi inakufaa: ni ya zamani, bei yake nafuu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kukinga kipandauso. Una pumu? Usiiguse. Mimi nilikuwa nimeshaandikiwa. Mfamasia, binti mdogo tu, aliitazama karatasi kisha akanitazama usoni na kuuliza, "Samahani mama, una pumu?" Nikamwonyesha ile bomba yangu ya bluu kwenye pochi. Akairudisha karatasi kwa mikono miwili, akaniomba nirudi kwa daktari. Namwombea dua mpaka leo. Mwenye kisukari anayechoma insulini naye aseme, kwa sababu propranololi huficha dalili za sukari kushuka. Na yeyote anayeitumia asiiache ghafla.

Hulali vizuri, au una wasiwasi unaokutafuna usiku? Amitriptilini. Ndiyo ninayotumia. Nilianza miligramu 10 saa mbili usiku. Wiki mbili za kwanza niliamka mzito, mdomo mkavu kama nimefunga, na daladala la asubuhi lilinipita mara tatu. Baadaye mwili ukazoea. Nimeongezeka uzito, na hilo daktari alinionya. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa aieleze hali yake kwanza.

Topirameti haiongezi uzito, huupunguza, lakini huleta ganzi vidoleni na kusahau maneno, na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Valproeti ni mbaya zaidi kwa mimba. Binti au mwanamke anayeweza kushika mimba asiipokee bila kuelezwa hilo kwa maneno ya wazi. Flunarizini ni nzuri kwa baadhi, lakini inalaza, inanenepesha, na haimfai mwenye historia ya sonona au Parkinson.

Dawa yoyote utakayochagua, ipe miezi miwili mpaka mitatu kwa kipimo sahihi kabla ya kuihukumu. Mimi nilitaka kuacha wiki ya tatu.

## Yasiyo ya duka la dawa

Ubongo wa kipandauso haupendi kushtukizwa. Kulala na kuamka saa zile zile, hata Jumapili. Kula kwa wakati. Kiporo cha saa moja asubuhi kimenisaidia kuliko nilivyotarajia. Maji, hasa Januari hadi Machi jua la Dar linapokuwa halina huruma. Ramadhani nilikuwa naiacha daku ili nilale. Sasa naamka, nakula uji na tende, nakunywa maji ya kutosha, na nimekubaliana na daktari saa ya kumeza dawa. Mwaka ambao mashambulio yalikuwa makali nilikula na kulipa baadaye.

Orodha ndefu za vyakula vya kukataza sizipendi. Zinamwondolea mtu raha ya kula na mara nyingi mhusika si chakula. Kwangu wahusika ni usingizi pungufu, siku mbili kabla ya hedhi, na michirizi ya vitenge chini ya taa inayopepesa. Tulibadilisha taa ya juu ya meza, na vitenge vya michirizi anakunjua mdogo wangu.

Kati ya kupumzika na kufanya mazoezi, siku ya shambulio pumzika. Siku nyingine zote, tembea. Anayejifungia ndani kwa hofu, mizani yake inazidi kudhoofu. Mtaalamu wa fiziotherapia alinifundisha kukazia macho herufi moja ukutani huku nikitikisa kichwa kama anayekataa, kisha kama anayekubali, dakika moja, mara kadhaa kwa siku. Mwanzoni nilichefukwa. Mwezi wa pili niliweza kusimama kwenye mwendokasi toka Kimara mpaka Gerezani nikitazama mbali dirishani. Kivuko cha Kigamboni bado nakipanda nikiwa nimekaa, uso mbele, macho kwenye majengo ya ng'ambo, kamwe si kwenye simu.

Daftari langu la kuandikia mashambulio ni la kurasa 40, la shule ya msingi, na ndilo ninalompa daktari kabla hata sijamsalimia vizuri. Mstari wa mwisho nimeuandika juzi: "Jumanne, saa kumi jioni, duka lilizunguka dakika 25. Taa iliniudhi, kichwa hakikuuma. Usiku nililala kwa muda wa saa nne tu, mtoto alikuwa na homa. Hedhi kesho. Nilikaa chini, sikumeza kitu, saa kumi na moja nikaendelea kupima."